Chakula, Joto la Mwili na Nguvu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Watu wa Tanga

Mengi ya maswali haya nimeyaokota kwenye benchi la kibanda cha mama yangu, Ngamiani. Mama ni mama lishe. Wateja wake ni waendesha bodaboda, wapagazi wa bandarini, mafundi cherehani, na walimu wanaokuja kula mbio mbio kabla kengele haijalia. Mimi nilisomea lishe. Mteja akiuliza jambo, mama hujibu kwanza kwa alivyofundishwa na bibi, kisha hunielekezea mwiko: "Haya, msomi, na wewe sema." Nimeamua kuyaandika maana nimechoka kuyajibu huku nimeshika sinia.

Chakula na joto la mwili vinahusiana vipi?

Unachokula huunguzwa ndani ya mwili polepole, bila mwali wala moshi. Nishati inayopatikana ndiyo inayopiga moyo, inayoendesha ubongo na kukanyaga pedali. Lakini mwili si mashine ya kubana matumizi. Misuli ikitumia kalori nne, moja hivi ndiyo inayogeuka kazi, na tatu zinatoka kama joto. Hata mtu aliyekaa barazani hafanyi lolote hutoa joto kama la balbu moja ya zamani ya wati 80 hadi 100. Jaza watoto arobaini katika chumba kimoja cha madrasa, hata mvua inyeshe, utaona wanavyokipasha.

Ndani ya ubongo kuna kipande kidogo kiitwacho haipothalamasi, kazi yake kulinda joto libaki karibu na nyuzi 37. Likizidi, mishipa ya damu ya ngozini hufunguka na jasho hutoka. Likipungua, mishipa hubana, vinyweleo husimama na mwili hutetemeka. Kwa hiyo chakula ni kuni, na hicho kipande ni mpishi anayesogeza kuni ndani na kuzitoa.

Kuni zenyewe hazilingani. Gramu moja ya wanga au protini ina kalori 4, gramu ya mafuta ina 9.

Mbona joto la Tanga linachosha kuliko la Dodoma, hata kipimajoto kikisema ni lile lile?

Fukuto. Jasho halikupozi kwa kutoka, hukupoza kwa kukauka. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoka na kalori 580 hivi za joto. Dodoma hewa ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona. Huku kwetu, kaskazi ikivuma mwezi wa kwanza na wa pili, hewa imeshiba unyevu, na jasho linateremka mgongoni hadi kwenye mshipi wa suruali. Lililodondoka chini halikukufaa kitu: umepoteza maji, umepoteza chumvi, na joto umebaki nalo.

Mgeni kutoka bara anahitaji wiki moja hadi mbili. Mwili wake utajifunza kutoa jasho mapema zaidi, na jasho lenye chumvi kidogo zaidi. Kabla ya hapo asijifanye mwenyeji.

Nikila pilau mchana natokwa na jasho, kisha nasinzia. Ni ugonjwa?

Si ugonjwa, ni pilau. Kusaga na kusafirisha chakula nako ni kazi inayotoa joto. Protini ndiyo ghali zaidi: mwili hutumia asilimia 20 hadi 30 ya kalori zake kuishughulikia tu. Wanga huchukua asilimia 5 hadi 10, mafuta hata 3 hayafiki. Sasa sinia la pilau lenye nyama ya kutosha, wali wa kujaza na samli, likiliwa saa saba mchana chini ya bati, unategemea nini? Damu nyingi imekwenda tumboni, ngozi nayo inaidai ili ipoze mwili, na saa hizo mwili una usingizi wake wa mchana hata kama hukula. Mambo matatu yamekutana.

Usiache pilau. Ila ukijua una kazi ya juani alasiri, kula nusu, nusu nyingine iwe ya magharibi. Mama hupenda kuwauliza wapagazi, "Unarudi kazini au unakwenda kulala?" kabla ya kupakua. Wengine hudhani anawapunja.

Wazee wanasema kuna vyakula vya moto na vya baridi. Ni kweli au ni hadithi?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ninapogombana na mama.

Mgawanyo huo si wa kupima kwa kipimajoto. Tende hata ikitoka kwenye friji ni ya moto, na dafu hata likishinda juani ni la baridi. Tangawizi, pilipili manga, karafuu, asali na halua huhesabiwa moto. Tango, tikiti na mtindi ni baridi. Elimu hii ni ya kale: iliandikwa na matabibu wa Wayunani, ikapanuliwa na wa Kiislamu kama Ibn Sina, aliyeishi mwaka 980 hadi 1037, na pwani yetu iliipata kwa njia ya watu na majahazi. Msingi wake ulikuwa kusawazisha hali nne za mwili. Sayansi ya leo haizitambui hali hizo.

Lakini nisiwe mwepesi wa kudharau. Angalia orodha ya baridi: tango na tikiti ni zaidi ya asilimia 90 maji. Orodha ya moto imejaa sukari, mafuta na viungo vinavyochokoza mishipa ya fahamu. Yaani wazee waliona matokeo, ila maelezo yao yalikuwa mengine.

Mfano ni mzazi, yule mama aliyetoka kujifungua. Kwetu hupewa uji wa pilipili manga, supu ya kuku na mchuzi wa viungo, "apate moto". Mama anayenyonyesha anahitaji kalori 500 hivi zaidi kwa siku, na uji mzito wenye nazi au maziwa unazitoa vizuri sana. Pilipili manga haina neno. Kinachonikera ni pale mzazi anapozuiwa maji ati yatampa baridi tumboni. Maji anayahitaji kuliko mtu yeyote nyumbani humo: anatengeneza maziwa, na siku za mwanzo homoni zinaposhuka anatokwa na jasho jingi usiku. Kama ndugu wanaogopa ya baridi, wampe ya uvuguvugu, ilimradi anywe.

Na maembe? Watu husema embe ni moto, likizidi unatoka majipu. Majipu huletwa na bakteria wanaoingia kwenye ngozi. Ni kwamba msimu wa maembe unakuja pamoja na joto, jasho, vipele na kujikuna. Embe limesingiziwa.

Chai ya moto inapoza mwili kweli?

Inaweza, kwa masharti. Kinywaji cha moto kikigusa koo na tumbo, mwili huongeza jasho kuliko joto ulilomeza. Jasho hilo likikauka lote, unatoka na faida. Kaa mahali penye upepo, tuseme Raskazone jioni, shati jepesi, hesabu inakubali. Kaa ndani ya duka lisilo na dirisha wakati wa fukuto, jasho halikauki, na umejiongezea joto tu.

Na pilipili?

Pilipili haina moto wowote. Ina kemikali iitwayo kapsaisini, inayobonyeza kwenye ulimi kengele ile ile inayobonyezwa na joto halisi la zaidi ya nyuzi 40. Ubongo unadanganyika, unaamuru jasho. Aliyeigundua kengele hiyo kwa kutumia kapsaisini ni Mmarekani David Julius, na mwaka 2021 alipata Tuzo ya Nobeli ya tiba pamoja na Ardem Patapoutian. Nilipomwambia mama alisema angepewa na yeye kwa achari yake ya ndimu.

Maji ya barafu yanafanya mwili uchome mafuta?

Tupige hesabu. Lita moja ya maji ya nyuzi 4 ukiyanywa, mwili unayapasha hadi 37. Hizo ni nyuzi 33, sawa na kalori 33. Kijiko kidogo cha sukari kina kalori 16 hivi. Kwa hiyo lita nzima ya maji ya barafu, inayokuuma meno, inalipia vijiko viwili vya sukari kwenye chai. Wengi pale kibandani hutia vinne.

Kupoza yanapoza, hilo kweli, na ukiwa umetoka juani yanasaidia. Hayaleti mafua wala hayagandishi mafuta tumboni. Tumbo lina joto lake.

Madafu yanatosha kurudisha nguvu baada ya kazi ya juani?

Dafu ni kinywaji kizuri: maji, sukari kidogo na potasiamu nyingi, miligramu 250 hivi katika kila mililita 100. Ila jasho halitoi potasiamu nyingi, linatoa chumvi. Na chumvi kwenye dafu ni kidogo. Mtu aliyepakua shehena kutwa nzima akinywa madafu matatu akaishia hapo, kiu itakwisha lakini deni la chumvi litabaki. Anywe dafu, ale na kitu chenye chumvi: mchuzi, dagaa wa kukaanga, supu ya pweza.

Mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari kwanza. Potasiamu inayomfaa mwingine inaweza kumsumbua moyo yeye.

Nitajuaje kama nimepungukiwa chumvi au maji tu?

Nitakusimulia ya kwangu. Mwaka mmoja, mwezi wa pili, nilitoka Ngamiani kwa baiskeli kwenda Pongwe kumwona rafiki. Nilijiona mjuzi, nikabeba chupa mbili kubwa za maji, chakula sikula. Kwenda nilifika salama. Kurudi, saa nane mchana, maji nimeyamaliza yote na kuongeza mengine njiani, paja la kulia likakaza kama limefungwa kamba. Nikashuka. Kichwa kinauma, tumbo linacheza maji, na mashavu yana unga mweupe: chumvi yangu mwenyewe, imekaukia usoni. Mzee mmoja aliyekuwa anauza mihogo ya kukaanga chini ya mwembe alinitazama, hakuuliza kitu, akanipa vipande vitatu na chumvi ya pilipili kwenye kipande cha gazeti. Nusu saa baadaye nilipanda tena baiskeli.

Jasho la lita moja hubeba gramu 1 hadi 3 za chumvi, na anayefanya kazi nzito juani anaweza kutoa lita moja kwa saa au zaidi. Ukinywa maji matupu mengi mno bila kula, damu inazimuliwa, na ikizidi sana ni hatari ya kweli. Kwa upungufu wa maji, angalia mkojo: wa rangi ya chai ya rangi ni kidogo, unywe, wa rangi ya maji ya ndimu unatosha.

Ila sisemi kila mtu ajimwagie chumvi. Karani wa ofisini mwenye feni hana deni lolote. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja kidogo, na mwenye shinikizo la damu afuate ushauri wa daktari wake.

Nakunywa chai na vitumbua saa moja, saa nne nimelegea kabisa. Joto?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na karibu kila mara joto linasingiziwa.

Tukihesabu: kitumbua ni unga wa mchele, sukari na mafuta ya kukaangia. Viwili au vitatu, na kikombe cha chai ya rangi yenye vijiko vinne. Hapo kuna wanga unaosagika upesi na mafuta, protini karibu hakuna. Sukari inapanda kwenye damu, kongosho linamwaga insulini kuishusha, na kwa baadhi ya watu inashuka haraka kupita ilipoanzia. Saa nne mikono inatetemeka, kichwa kizito, hasira bila sababu. Ukinunua soda hapo, yenye gramu 35 hivi za sukari kwenye chupa ya mililita 330, umeanza ngoma upya.

Dawa si kuacha vitumbua, nisije nikafukuzwa mjini. Dawa ni kuvipa mwenzake. Kikombe cha kunde, maharage ya nazi, yai la kuchemsha, dagaa, au maziwa mgando, ambayo Tanga hayana shida kupatikana. Protini na nyuzinyuzi za kunde huchelewesha wanga kuingia kwenye damu. Uji wa ulezi usiokobolewa nao unakaa tumboni kuliko uji wa unga mweupe, na ukitiwa maziwa au karanga unakaa zaidi.

Kwa wanaokula bada, ule ugali wa muhogo, asubuhi: muhogo ni wanga mtupu, unatia nguvu lakini peke yake haufiki mbali. Bada kwa mchuzi wa samaki au kisamvu cha nazi, hapo sawa. Tulikuwa na mteja, kijana wa bodaboda, aliyeshinda kwa soda na mkate hadi alasiri. Mama alianza kumwekea kibakuli cha maharage bila kumuuliza, akikiandika kwenye daftari la madeni. Wiki ya pili kijana akawa anakidai mwenyewe.

Ukiona unakunywa maji mno, unakojoa mno na unakonda huku uchovu hauishi, acha kusoma maelezo yangu, nenda kapime sukari.

Kahawa chungu na vinywaji vya kopo vinaongeza nguvu?

Havina nguvu ya kukupa, isipokuwa sukari iliyomo. Kafeini inaziba masikio ya ubongo usisikie kelele za uchovu. Uchovu wenyewe upo palepale, unasubiri. Kopo la mililita 250 lina miligramu 80 hivi za kafeini na sukari nyingi. Kahawa ya barazani kwa kashata sina ugomvi nayo. Jua tu kwamba nusu ya kafeini inachukua saa tano hivi kuondoka mwilini: ukinywa saa tatu usiku, saa nane bado nusu iko macho, na wewe pia. Kesho utasema joto lilikunyima usingizi.

Ni kweli kahawa inakausha maji mwilini? Kwa anayeizoea, kidogo sana. Maji yaliyomo kwenye kikombe yanazidi yanayotoka.

Nitafungaje Ramadhani wakati wa kaskazi bila kuishiwa?

Mwaka 2025 na 2026 mwezi umeangukia kaskazi, kwa hiyo swali limekuja kwa nguvu. Huku kwetu karibu na ikweta saumu haipishani sana, kama saa 13 na ushei mwaka mzima. Ini lina akiba ya wanga kama gramu 100, misuli gramu 400 hivi. Akiba ya ini ndiyo inayolinda sukari ya damu, nayo hupungua kadiri siku inavyokwenda. Ndiyo maana alasiri watu hawasalimiani vizuri. Baadaye mwili hugeukia mafuta, na baada ya siku chache za mwanzo wengi huzoea.

Daku ndiyo inayobeba siku, na ndiyo watu wanayoidharau. Usile biskuti na chai ukarudi kulala. Kula kinachokaa: wali au viazi vitamu kwa kunde, yai, mtindi, na maji kidogo kidogo tangu futari hadi alfajiri. Lita moja kwa mpigo dakika ya mwisho itaishia chooni. Daku yenye chumvi kali itakupa kiu kabla ya adhuhuri.

Kufuturu kwa tende na maji ni hekima tupu: sukari ya haraka, potasiamu, na tumbo linaamshwa taratibu. Kisha uji, kisha swala, kisha futari yenyewe. Magimbi, mihogo na ndizi za nazi ni vizito na vitamu, lakini vyote ni wanga, tafuta nafasi ya samaki hapo. Kalimati ziwe za kuonja. Najua hamtanisikia.

Mwenye kisukari anayetumia dawa, mjamzito na mgonjwa wa figo wazungumze na daktari kabla mwezi haujaandama, si siku ya tatu.

Wenzangu wanapepea, mimi nasikia baridi. Kwa nini?

Kama ni wewe peke yako, na ni kila siku, kuna mambo mawili ya kupima.

La kwanza ni upungufu wa damu. Madini ya chuma hubeba oksijeni, na bila oksijeni seli haziwezi kuunguza chakula sawasawa. Viganja baridi, kuhema ukipanda ngazi, hamu ya kula udongo au barafu: nenda kapime, hasa kama ni mwanamke mwenye hedhi nzito. Chuma kipo kwenye maini, nyama, dagaa, kunde na mboga za majani. Kile cha mboga kinaingia vizuri ukikamulia ndimu au ukila na chungwa la Muheza, na kinazuiwa na chai. Ukimaliza mchicha ukashushia chai papo hapo, kazi ya mchicha umeivuruga. Subiri saa moja.

La pili ni tezi ya shingoni. Homoni zake ndizo zinazoamua moto wa mwili uwe mkubwa au mdogo, na hutengenezwa kwa iodini. Kwetu iodini inaitwa madini joto, na sijui kama lipo jina la kirutubisho linalofaa kuliko hilo. Ikipungua tezi huvimba, ndiyo rovu, na mtu husikia baridi, hunenepa, huchoka. Zamani rovu lilikuwa zaidi la watu wa milimani, kwa kuwa udongo wao una iodini kidogo. Wa pwani hula samaki wa bahari. Lakini chumvi ya magunia isiyotiwa madini joto inauzwa bado, kwa hiyo soma pakiti. Iweke mbali na moto na unyevu, kwenye chombo chenye kifuniko.

Nakwenda Lushoto mwezi wa saba. Nile tofauti?

Raha ya mkoa huu: unapanda basi Tanga shati limelowa, unashuka kwenye mita 1,400 hivi unatafuta koti. Mtu anayetetemeka anatumia nguvu nyingi, na njaa ya huko utaiona mwenyewe. Kula kawaida yako, ongeza kidogo usiku, kitu chenye mafuta na protini kabla ya kulala, kama maharage kwa viazi. Mlo wenyewe utakupasha. Maji usiyasahau, kwenye baridi kiu hujificha.

Tembo la mnazi linapasha mwili?

Linapasha ngozi. Pombe hufungua mishipa ya ngozini, damu ya moto inakuja juu, unajisikia vizuri, na joto la ndani linapotea. Kwenye baridi ni hasara. Kwenye joto inakuongezea mkojo.

Mtu mwenye homa ale au aachwe?

Ale anachoweza. Joto likipanda kwa nyuzi moja, matumizi ya mwili hupanda kwa asilimia 10 hivi au zaidi. Mgonjwa wa malaria mwenye nyuzi 39 analala kitandani huku mwili unakimbia. Uji mwepesi mara nyingi, supu, machungwa, maji. Kumfunika mablanketi "atoke jasho" kunazidisha joto lisipate pa kutokea. Homa ipimwe, isikisiwe.

Akiwa na kuhara, chumvi chumvi ya pakiti ndiyo bora. Ukikosa: maji safi lita moja, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usikisie kwa mkono. Chumvi ikizidi inamdhuru mtoto.

Mtoto wangu ana miezi mitatu, joto kali. Nimpe maji?

Hapana. Maziwa ya mama ni asilimia 88 hivi maji. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na wewe ndiye unywe. Maji humjaza tumbo dogo bila chakula, na yasipokuwa safi humletea kuhara. Hadi miezi sita, ziwa tu, hata kaskazi iwe kali namna gani. Mpunguzie nguo pia. Watu wa Tanga tunapenda kuwavalisha watoto kofia za sufu mwezi wa pili, sijui tunawaogopea nini.

Babu hasikii kiu kabisa. Tumwache?

Msimwache. Kiu hupungua na umri, maji hayapungui umuhimu. Mwekeeni kikombe karibu, mpeni kila mnapopita. Papai, tikiti, mchuzi, vyote vinahesabika.

Lini niache mambo ya chakula nikimbilie hospitali?

Mtu aliyekuwa juani au kwenye joto akianza kuchanganyikiwa, kuongea yasiyoeleweka, kuanguka au kupata degedege, na mwili unawaka, huyo joto la ndani huenda limefika nyuzi 40 au zaidi. Msimmiminie maji mdomoni kama hana fahamu, yataingia mapafuni. Mpelekeni kivulini, mvueni nguo, mmwagieni maji mwili mzima, mmpepee, huku usafiri unatafutwa. Msingoje atulie.

Mama yako mwenyewe anakula nini, na yeye kutwa yuko mbele ya moto?

Hili liliulizwa na mwalimu mmoja, na mama alilijibu bila kunipa mwiko. Alfajiri, kabla ya kuwasha jiko, hula kiporo cha wali na kunde. Saa nne anakunywa kikombe kikubwa cha maji yenye ndimu, sukari kidogo na chumvi ya kuchovya vidole viwili. Saa sita, moto ukiwa umepamba na sufuria tatu zinachemka, anakunywa chai ya tangawizi ya kuunguza ulimi. Nilimkumbusha kwamba chai hiyo inafaa penye upepo tu. Akainuka, akasogeza stuli yake hadi mlangoni, mahali pepo zinapopita kati ya kibanda chetu na ukuta wa jirani, akakaa, akapuliza kikombe.